Hesabu ya Panadol: mwongozo kamili wa kutumia parasetamoli bila kuliumiza ini

"Nipe Panadol mbili."

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa kwa miaka ya kutosha kujua kwamba sentensi hiyo haisubiri jibu. Mkono unakwenda wenyewe: vuta karatasi ya vidonge, chukua mkasi, kata, tia kwenye kibahasha, pokea hela. Mteja haulizwi anaumwa nini, amemeza nini asubuhi wala ana kilo ngapi, na yeye mwenyewe angeshangaa kuulizwa. Panadol kwetu ni kama chumvi. Nani anaulizwa chumvi anaipeleka wapi?

Humo kwenye mazoea ndimo hatari ilimojificha. Parasetamoli ikimezwa kwa kipimo ni salama kuliko karibu kila dawa ya maumivu iliyopo kwenye rafu: haichubui tumbo kama aspirini, wengi wenye pumu wanaivumilia vizuri, mjamzito anaruhusiwa, anayenyonyesha anaruhusiwa. Ikizidi, inaharibu ini, tena kwa ukimya ambao humfanya mtu aliyekwisha kuumia ajione mzima. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni hesabu ya kujumlisha, ile ya darasa la tatu. Tuifanye basi.

Hatua ya 1: Tafuta jina la dawa, si jina la pakiti

Panadol ni jina la biashara, lililoingia sokoni Uingereza mwaka 1956. Dawa yenyewe ni parasetamoli, na ina umri mkubwa kuliko jina hilo. Mmarekani Harmon Northrop Morse aliitengeneza maabara mwaka 1878, kisha ikawekwa kando kwa miongo mingi huku watu wakimeza ndugu zake wawili, asetanilidi na fenasetini, ambazo madhara yake yalikuwa mabaya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndipo watafiti Bernard Brodie na Julius Axelrod walipoonyesha kwamba dawa hizo mbili zikifika mwilini hugeuka parasetamoli, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikituliza maumivu wakati wote.

Leo ina majina mengi. Marekani na Kanada wanaiita acetaminophen, na pakiti yake maarufu huko ni Tylenol. Ndugu akirudi kutoka Dubai anaweza kukuletea Adol. Zote ni dawa ileile. Chupa za kutoka Marekani zina mtego wake: kuna vidonge vya mg 325, vya mg 500 na vya mg 650 vinavyoachia dawa polepole kwa saa 8, na kwa macho vinafanana. Shangazi aliyezoea kumeza "mbili" za dukani kwetu, akimeza mbili za mg 650, amekunywa mg 1,300 kwa mkupuo.

Kwa hiyo geuza karatasi ya vidonge usome maandishi madogo ya nyuma. Unatafuta neno "Paracetamol" (au "Acetaminophen") na namba inayolifuata, mara nyingi 500 mg. Fanya hivyo hata kwa dawa ambazo hazijitambulishi kama Panadol, kwa sababu parasetamoli imejificha kwenye nyingi: dawa za mafua, baadhi ya dawa za maji za kikohozi, vidonge vilivyochanganywa na kafeini, vilivyochanganywa na ibuprofeni, na hasa vile vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli ambavyo mtaani vinamezwa kwa mgongo, kiuno, magoti na kila kinachouma.

Hapa mkasi wetu una kosa. Ukikatiwa vidonge viwili kutoka pembeni ya karatasi, unaweza kuondoka na dawa isiyo na jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Omba uoneshwe boksi kabla hakijakatwa kitu, au nunua karatasi nzima ya vidonge 10 ikae nyumbani. Na ununue dukani penye kibali. Yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi yalianza kubadilishwa kuwa Duka la Dawa Muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, na moja ya sababu ilikuwa hiyo: kuwe na mtu aliyefunzwa wa kumuuliza swali. Muulize. Dawa iliyopigwa na jua siku nzima kwenye meza ya stendi si ya kununua, hata iwe ya bure.

Hatua ya 2: Je, ndiyo dawa ya maumivu yako?

Parasetamoli inashusha homa na kutuliza maumivu madogo hadi ya wastani: kichwa, mwili wa mafua, jino wakati unasubiri daktari, maumivu baada ya kung'olewa au kushonwa. Inaanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na inadumu saa 4 hadi 6. Anayeongeza kidonge baada ya dakika 20 kwa sababu "haijashika" hajaipa nafasi, na anaianza hesabu yake vibaya.

Kuna maumivu ambayo haiyawezi. Mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliofuatilia watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu ya ghafla ya mgongo wa chini. Waliopewa parasetamoli walipona baada ya siku 17 hivi. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walipona baada ya siku 16. Yaani mgongo ulijiponea wenyewe. Ukiwa na mgongo uliobana kwa kubeba ndoo, kutembea taratibu na kuendelea na shughuli nyepesi kuna maana kuliko kumaliza karatasi mbili za vidonge.

Haipunguzi uvimbe pia, au inaupunguza kidogo mno. Kifundo kilichoteguka na kuvimba, au tumbo la hedhi, kwa kawaida husikia ibuprofeni vizuri zaidi. Lakini ibuprofeni, aspirini na diklofenaki ni za ukoo mmoja, na ukoo huo unachubua tumbo, unaweza kuanzisha vidonda na kuvujisha damu, unasumbua figo, na unaweza kumbana mwenye pumu. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, moyo mbovu au mimba abaki na parasetamoli mpaka daktari aseme vingine. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kutumika pamoja kwa mtu mzima asiye na matatizo hayo, kwani hazipiti njia moja mwilini. Zisizokwenda pamoja ni ibuprofeni na diklofenaki, au yoyote kati ya hizo na aspirini ya maumivu.

Homa ina sura yake. Panadol inashusha joto la malaria bila kumgusa mdudu hata mmoja. Mgonjwa anatoka jasho, anakaa, anaomba uji, na nyumba nzima inashusha pumzi, wakati vijidudu vinaendelea kuzaana. Homa ya malaria huenda na kurudi hata bila dawa, ndiyo maana kupoa baada ya vidonge viwili hakuthibitishi chochote. Meza, sawa, lakini kapime siku hiyohiyo au kesho yake. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Na kama kuna dengi mjini, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, parasetamoli ndiyo pekee ya kumeza nyumbani kwa homa na maumivu ya viungo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi.

Kisha kuna kichwa cha kila siku. Mtu akimeza dawa ya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayozaa maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, kama vile vyenye kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kufikia huko. Wateja wa aina hii tunawajua kwa sura. Wanafika saa ileile kila asubuhi kama wanaonunua gazeti. Dawa yao ni kuacha, na wiki mbili za mwanzo ni ngumu. Nenda ukapimwe presha na macho kwanza.

Hatua ya 3: Hesabu ya mtu mzima

Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi, asiye na ugonjwa wa ini: mg 500 hadi 1,000 kwa mara moja, yaani kidonge kimoja au viwili vya mg 500. Usimeze tena kabla ya saa 4 kupita, na ni afadhali zipite 6. Katika saa 24 usizidishe mg 4,000, yaani vidonge 8. Huo ni ukuta wa mwisho, si lengo la kufikia, na si wa kuegemea wiki nzima.

Bahasha nyingi za dukani huandikwa 2×3, viwili kutwa mara tatu. Hivyo ni vidonge 6, mg 3,000, na kwa mtu mzima wa kawaida kipimo hicho kina nafasi ya kupumua. Ukiona saa zinakuchanganya, shika hizi: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Anayefunga Ramadhani na kichwa kinamgonga kwa kukosa chai anaweza kumeza wakati wa futari na wakati wa daku; mara mbili tu kwa usiku, basi.

Saa 24 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka dakika hii. Usiku wa manane haufuti deni la mchana.

Kilo zina maana kuliko tunavyodhani. Chini ya kilo 50, hesabu ni mg 15 kwa kila kilo kwa mara moja, na mg 60 kwa kila kilo kwa siku. Mchukue bibi mwenye kilo 44: 15 mara 44 ni 660, kwa hiyo anameza kidonge kimoja, si viwili. Kwa siku ni 60 mara 44, yaani 2,640, kwa hiyo vidonge vitano ndio mwisho wake, nami ningemwachia vinne. Bibi huyohuyo akipewa 2×4 kama kijana wa kilo 80, na hali chakula vizuri, tumempa karibu mara moja na nusu ya kipimo chake.

Jino, mwalimu wa hesabu mbaya

Ukitaka kuona mtu mwenye akili timamu akizidisha parasetamoli bila kujua, mtafute mwenye jino bovu. Jino haliachi usingizi, halina huruma, na kumwona daktari kunahitaji hela na ruhusa ya kazini. Fuata siku yake.

Saa 1 asubuhi anameza Panadol mbili: mg 1,000. Saa 4 jino limerudi, jirani anampa vidonge viwili vya diklofenaki na parasetamoli, kila kimoja kikiwa na mg 500 za parasetamoli: jumla 2,000. Saa 8 mchana Panadol mbili tena: 3,000. Saa 12 jioni anapiga chafya, anakumbuka ana dawa ya mafua kwenye droo, anameza mbili zenye mg 500 kila kimoja: 4,000. Saa 3 usiku, ili apate usingizi, Panadol mbili: 5,000. Saa 8 usiku jino linamwamsha, anapapasa gizani, mbili nyingine: 6,000.

Mg 6,000, na ukimuuliza atakwambia kwa dhati kwamba Panadol amemeza "mbili mbili tu, kama kawaida". Hajadanganya. Hakuna pakiti hata moja aliyoizidisha. Akirudia siku ya pili na ya tatu, huku hali kwa sababu ya jino, na pengine jioni anasukutua kwa pombe kali kisha anaimeza, anakwenda mahali ambapo ini huanza kufa.

Mwenye jino achukue karatasi na kalamu. Kila akimeza kitu aandike saa, jina na mg za parasetamoli. Ikifika 4,000 anasimama, hata akilia. Dawa ya mafua siku hiyo aiache. Akiona siku mbili zimepita na bado anahitaji vidonge 8 kwa siku, tatizo si la Panadol tena. Jino linataka kuzibwa, kung'olewa au kupewa dawa ya usaha. Na kusaga kidonge na kukijaza kwenye tundu la jino hakusaidii. Ikiwa ni aspirini, kinababua fizi mpaka ziwe nyeupe.

Mtoto: kilo, mililita, chupa

Kwa mtoto usiulize umri kabla hujauliza kilo. Kadi ya kliniki ipo kwa kazi hiyo. Kipimo ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa mara moja, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa saa 24.

Halafu isome chupa. Dawa nyingi za maji za watoto huku kwetu zina mg 120 katika kila ml 5, lakini zipo za mg 250 katika ml 5, na zipo za matone zenye mg 100 katika ml 1 moja. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kati ya mg 100 na 150. Ml 5 za chupa ya 120 zinamtosha sawasawa. Ml 5 zilezile kutoka chupa ya 250 zinampa mg 25 kwa kilo, karibu mara mbili ya anachostahili. Ml 5 za matone zingekuwa mg 500, kidonge kizima cha mtu mzima. Mama anayesema "huwa nampa kijiko kimoja" hajasema kitu mpaka aseme cha chupa gani.

Kwa chupa ya mg 120 katika ml 5: kilo 8, ml 4, kilo 10, ml 5, kilo 15, ml 7.5, kilo 20, ml 10. Tikisa chupa kwanza, dawa hujikusanya chini. Pima kwa kikombe kilichokuja nayo au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, linalouzwa kwa bei ndogo. Vijiko vya jikoni havilingani. Vijiko viwili vya chai vya nyumba moja vinaweza kutofautiana. Dawa ya maji ikikosekana, robo ya kidonge cha mg 500 (mg 125) inamfaa mtoto wa kilo 10, na nusu inamfaa wa kilo 20. Ponda, changanya na maziwa ya mama au maji kidogo.

Homa ya mtoto wa chini ya miezi miwili haitibiwi nyumbani hata kwa tone moja. Ni safari ya hospitali, usiku au mchana. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiyeamka vizuri, au aliyepata degedege. Watu wengi huamini Panadol ikiwahi inazuia degedege. Haizuii. Inampunguzia mtoto maumivu na kumrudishia hamu ya kunyonya, na hiyo ni faida tosha. Mvue nguo nzito, mpe vinywaji, barafu na spiriti visimguse.

Dawa ya mtoto itolewe na mtu mmoja tu nyumbani. Mama kampa saa 12, dada kampa saa 1 akidhani mama kasahau, bibi kampa saa 2 kwa huruma. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani.

Ini linafanya nini na kidonge

Sehemu kubwa ya parasetamoli hufungwa na ini kwa njia mbili salama na kutoka kwenye mkojo. Kiasi kidogo, chini ya sehemu moja ya kumi, hugeuka sumu inayoitwa NAPQI. Ini lina kitu cha kuizimua, glutathioni. Ifikirie kama maji kwenye simtanki: bomba linajaza polepole, na matumizi ya kawaida hayalikaushi. Ukizidisha dawa, zile njia mbili salama zinajaa, sumu inaongezeka, tangi linakauka, na sumu isiyo na wa kuizimua inashika chembe za ini na kuziua.

Ukiielewa picha hiyo, unaelewa nani hasa yuko hatarini. Mnywaji wa kila siku: pombe inaongeza kiasi kinachogeuka sumu, na kwa kawaida hali vizuri, kwa hiyo tangi lake liko nusu. Aliyekonda kwa njaa au ugonjwa mrefu: tangi lake pia liko chini. Anayetumia dawa za kifua kikuu: isoniazidi na rifampisini zina mzigo wake kwenye ini, na baadhi ya dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini zinaharakisha njia ya sumu. Mwenye homa ya ini au ini lililokakamaa. Hawa wote hawakatazwi parasetamoli moja kwa moja. Wapunguze, wengi huambiwa wasizidi mg 2,000 kwa siku, na wamuulize anayewatibu. Kwa mwenye kichwa cha pombe asubuhi, maji, uji na chumvi vitangulie.

Uingereza waliona vifo vya kuzidisha parasetamoli vikiwa vingi, mwaka 1998 wakapunguza ukubwa wa pakiti: vidonge 16 katika maduka ya kawaida, 32 katika famasi. Vifo vilipungua. Sisi tunauziana mbili mbili tangu zamani kwa sababu ya mfuko, si sheria. Mkasi uleule unaotunyima jina na tarehe unatupa kinga hiyo bila kukusudia.

Wengine wa kusita kidogo

Mjamzito. Septemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliwaambia wajawazito waepuke Tylenol, akiihusisha na usonji, na ujumbe ukasambaa kwenye simu zetu kabla ya jioni. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Sweden walikuwa wameangalia watoto karibu milioni 2.5, walipolinganisha watoto wa tumbo moja, mmoja ambaye mama alimeza na mwingine ambaye hakumeza, hawakuona tofauti. Parasetamoli inabaki chaguo la kwanza la mjamzito, kwa kipimo kidogo kinachotosha na siku chache. Ila iwe isiyo na kafeini: Panadol Extra ina mg 65 za kafeini kila kidonge, na chai na kahawa vinaongezea. Mjamzito mwenye homa anatakiwa kupima malaria kwanza.

Mwenye presha. Utafiti wa Edinburgh uliochapishwa mwaka 2022 uliwapa watu wenye presha mg 4,000 kila siku kwa wiki mbili, na namba ya juu ya presha ikapanda kama 5. Vidonge viwili vya leo visikutishe. Wa kila siku wa magoti ndiye wa kumwambia daktari. Vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyotoa povu vina chumvi nyingi, kimoja kinaweza kuwa na mg 400 hivi za sodiamu, kwa hiyo mwenye presha aviepuke.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: Panadol ya siku moja sawa, ya wiki nzima inaweza kuifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi, akapime. Na yeyote ambaye baada ya kumeza ngozi inatoka vipele, malengelenge, au midomo na macho vinachubuka, aache hapohapo aende hospitali. Ni nadra sana, lakini ikitokea haisubiri.

Sufuria na kabati

Wapo wanaotia Panadol kwenye sufuria ili nyama au maharage yaive haraka na mkaa usiishe. Parasetamoli inayeyuka kwa joto la nyuzi 169 hivi. Maji yanachemka kwa 100. Haiungui, haiondoki na mvuke. Inabaki kwenye mchuzi, na anayekula hajui amemeza ngapi wala hawezi kuhesabu. Loweka maharage usiku kucha.

Dawa ikae juu, pakavu, mbali na jua na dashibodi ya gari, na mbali na mikono ya mtoto anayependa utamu wa dawa ya maji. Na paka: kidonge kimoja cha mg 500 kinaweza kumuua, mwili wake hauna uwezo wa kuisafisha. Usimpe hata kipande.

Hatua ya mwisho: Ikizidi

Amevuka kipimo, kwa bahati mbaya au kwa kukusudia. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama anacheka. Siku ya kwanza anaweza kusikia kichefuchefu, kutapika, au asisikie kitu kabisa. Siku ya pili mara nyingi anaonekana nafuu, na hapo ndipo wengi wamerudi nyumbani wakishukuru, huku maumivu yakianza chini ya mbavu za kulia. Siku ya tatu na ya nne macho yanakuwa ya njano, akili inachanganyikiwa, damu haigandi. Kufikia hapo ini limekwishaumia sana.

Dawa yake ipo: N-asetilisisteini, inayolijaza upya tangi la glutathioni. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza, ini hupona karibu mara zote. Baada ya hapo bado inasaidia, lakini kwa uhakika mdogo. Kwa hiyo usipoteze saa moja kumnywesha maziwa. Maziwa hayaizimui parasetamoli. Usimtapishe kwa kidole wala maji ya chumvi. Kituo kidogo kikisema hakina dawa hiyo, omba rufaa palepale, kabla ya vipimo vya kesho asubuhi.

Kama alimeza kwa kukusudia, usimfokee na usimwache peke yake, njiani na wodini. Mwambie daktari ukweli. Hapo aibu ndiyo inayochelewesha.

Muuguzi atataka vitu vinne: ni dawa gani, mg ngapi, vidonge vingapi, saa ngapi. Kusanya karatasi zote za vidonge zilizopo chumbani, tupu na zisizo tupu, na vipande vilivyokatwa kwa mkasi, uvitie mfukoni uende navyo.